Mbuzi Kwenye Gunia: Tangazo la Kazi Linapokana Kazi Yenyewe

Usaili wa kazi, ambao nchini Kenya hujulikana zaidi kwa jina la mahojiano, umezoeleka kutazamwa kama mtihani wa upande mmoja, ambapo mwajiri huuliza, mwombaji hujibu, na mwishowe mwajiri huamua nani anafaa na nani hafai. Mtazamo huo unasahau kwamba mwombaji naye amefika na swali lake, nalo ni iwapo kazi aliyoisoma kwenye tangazo ndiyo kazi iliyopo ofisini. Kwa waombaji wengi wa Afrika Mashariki jibu la swali hilo hupatikana likiwa limekwisha kuwagharimu nauli, kopi za vyeti na siku nzima, kwani cheo cha "ofisa masoko" kilichotangazwa hugeuka kuwa kazi ya kubeba begi la bidhaa na kuzitembeza nyumba kwa nyumba, "kipato kizuri" hugeuka kuwa kamisheni isiyo na mshahara, na "mafunzo" hugeuka kuwa ada inayotakiwa kulipwa siku hiyohiyo. Waswahili husema kwamba mtu aliyenunua kitu bila kukiona ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na makala haya yanaeleza jinsi gunia hilo linavyofungwa katika soko la ajira, kwa nini watu wenye elimu na akili timamu hulibeba hadi nyumbani, sheria inasema nini juu yake, na ni kamba ipi ambayo mwombaji mwenyewe ana uwezo wa kuifungua.

Soko ambalo muuzaji wa nguvu kazi ana haraka

Tangazo lisiloeleza kitu huweza kuvuta umati pale tu ambapo umati wenyewe upo. Mwezi Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa katika majukwaa ya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Nafasi hizo zilikuwa za kweli na mwajiri alikuwa Serikali, lakini mandhari ile ya vijana walioketi juani wakiandika majibu mapajani ilionyesha waziwazi uwiano wa nguvu uliopo kati ya anayetafuta kazi na anayeitoa. Mahali ambapo kila nafasi moja inagombewa na watu zaidi ya mia moja, mwajiri wa kweli halazimiki kueleza mengi ili apate watu, na mwajiri wa uwongo hujificha kwa urahisi ndani ya uchache huo wa maneno, kwa kuwa tangazo lake halitofautiani sana na la mwenzake.

Wanauchumi hulieleza tatizo hili kwa dhana ya taarifa zisizo sawia, yaani hali ambamo upande mmoja wa biashara unajua jambo la msingi ambalo upande wa pili haulijui. George Akerlof aliichambua hali hiyo mwaka 1970 kwa mfano wa soko la magari yaliyotumika, ambamo muuzaji anazijua kasoro za gari na mnunuzi hazijui, na Michael Spence mwaka 1973 akaihamishia katika ajira kwa kueleza jinsi vyeti vya elimu vinavyotumika kama ishara ya uwezo ambao mwajiri hawezi kuuona kwa macho. Wote wawili, pamoja na Joseph Stiglitz, walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001. Katika uchambuzi wa Spence, hata hivyo, asiyejua ni mwajiri, na mwenye wajibu wa kuonyesha ishara ni mwombaji; na desturi za ajira zimejengwa juu ya dhana hiyohiyo. Mwombaji hutakiwa kuleta vyeti vilivyothibitishwa na wakili, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha Taifa, majina ya wadhamini na pengine barua ya serikali ya mtaa, ilhali mwajiri anaweza kutangaza nafasi kwa kuandika namba ya simu peke yake, bila jina la kampuni, bila anwani na bila kiwango cha mshahara. Upande mmoja umevuliwa hadi shati la ndani na upande wa pili umejifunika blanketi, kisha wote wawili wanaambiwa kwamba wamekutana ili kufahamiana.

Jinsi ya kulisoma tangazo

Aghalabu tangazo la kupotosha halina sentensi hata moja ya uwongo mtupu, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila fungu lake ni la aina inayoonekana kila siku kwenye nguzo za umeme, kwenye vioo vya daladala na kwenye makundi ya simu: "Kampuni inayokua kwa kasi inahitaji haraka vijana 40 wachangamfu, miaka 20 hadi 35, kidato cha nne na kuendelea, kwa nafasi za maofisa masoko, wasimamizi na watu wa mapokezi. Uzoefu si lazima, mafunzo yatatolewa. Kipato kizuri kulingana na juhudi yako. Fika na wasifu wako kesho saa mbili asubuhi, vaa nadhifu."

Kila kifungu hapo kina kazi yake. Idadi ya watu 40 ndiyo dalili ya kwanza, kwa sababu kampuni inayohitaji watu wengi wa ngazi moja kwa wakati mmoja, bila kueleza mradi wala tawi jipya, mara nyingi ni kampuni ambayo watu huingia na kutoka kama maji kwenye chujio. Kuchanganya ofisa masoko, msimamizi na mtu wa mapokezi katika orodha moja yenye sifa moja kunaonyesha kwamba vyeo hivyo ni majina tu, kwa kuwa kazi hizo tatu zinahitaji ujuzi tofauti na haziwezi kuombwa kwa kipimo kimoja. Maneno "uzoefu si lazima" si kasoro yenyewe kwa yenyewe, maana kila mtu alianza mahali fulani, ila yakikaa jirani na cheo cha usimamizi hukikana cheo hicho. Fungu la "kipato kulingana na juhudi yako" ni namna ya adabu ya kusema kwamba hakuna mshahara, na neno "kipato" limechaguliwa kwa makusudi badala ya "mshahara", kwani mshahara ni deni la mwajiri kwa mfanyakazi kila mwisho wa mwezi, ilhali kipato ni chochote ambacho mtu atakirudisha nyumbani, hata kama ni senti tano. Haraka ya "kesho saa mbili" nayo humnyima mwombaji nafasi ya kuuliza na kuulizia.

Yasiyoandikwa ndiyo mazito zaidi. Tangazo linalojitosheleza hujibu maswali manne: mwajiri ni nani, kazi inayofanywa kuanzia asubuhi hadi jioni ni ipi, inafanyika wapi, na inalipwa kiasi gani na kwa utaratibu upi. Tangazo la mfano halijajibu hata moja kati ya manne hayo, lakini limeeleza kwa uangalifu umri, mavazi na saa ya kufika, yaani limesema yote yanayomhusu mwombaji na kunyamaza kuhusu yote yanayomhusu mwajiri.

Asubuhi ya usaili

Usaili wa namna hii una sura inayofanana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Waombaji hufika wakiwa wamenyoosha mashati na kubana bahasha za kaki zenye vyeti, wakaelekezwa kwenye chumba chenye viti vya plastiki, ambako wanaandikisha majina kwenye daftari na kusubiri. Badala ya kuitwa mmoja mmoja mbele ya jopo, huingizwa wote kwa pamoja, na anayesimama mbele yao haulizi maswali bali anatoa hotuba kuhusu vijana walioanza bila kitu na sasa wanajenga nyumba, huku akionyesha picha kwenye simu au kwenye ukuta. Vyeti havifunguliwi. Neno "kazi" hupungua kila dakika na neno "fursa" huongezeka. Mtu akiuliza mshahara, hujibiwa kwamba mwenye mawazo ya mshahara amezoea kutumwa, na jibu hilo humfanya aliyeuliza aone haya mbele ya wenzake hata waliobaki wasithubutu kurudia swali. Mwishoni hutangazwa kwamba wote wamefaulu, jambo ambalo lilipaswa kuwatia shaka badala ya furaha, kwa sababu usaili usiomwangusha mtu haukuwa umempima mtu.

Kinachofuata hutegemea aina ya biashara. Wengine hutakiwa kulipia fomu, sare, kitambulisho au mafunzo; wengine huambiwa wanunue shehena ya kwanza ya bidhaa kwa fedha zao; na wengine hupewa begi na kuongozana na mzoefu kwenda mitaani siku hiyohiyo, jambo linaloitwa siku ya majaribio na ambalo kwa kawaida halilipwi. Kuna pia zile zinazojiita biashara ya mtandao, ambazo humlipa mtu kwa bidhaa anazouza na vilevile kwa watu anaowaingiza. Na kadiri faida inavyotegemea zaidi kuingiza watu kuliko kuuza bidhaa, ndivyo biashara hiyo inavyokaribia upatu haramu, ambao nchini Tanzania ni kosa la jinai.

Kwa nini mtu aliyekwisha kutambua kwamba hili silo alilolifuata asinyanyuke na kuondoka? Jibu moja lilipatikana kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 1978 na mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini pamoja na wenzake. Wanafunzi wa chuo walioombwa moja kwa moja kushiriki utafiti utakaoanza saa moja asubuhi walikubali kwa asilimia 31 tu, lakini wale walioombwa kwanza kushiriki bila kutajiwa saa, wakakubali, ndipo wakatajiwa saa hiyo, waliendelea kukubali kwa asilimia 56. Mtu aliyekwisha kusema "ndiyo" huona ugumu kuirudisha nyuma hata masharti yakibadilika, kwa sababu akili yake imekwisha kujipanga upande wa kukubali. Tangazo lisilotaja mshahara hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, kwa kuwa mwombaji husema "ndiyo" yake ya kwanza anapopiga pasi shati, ya pili anapolipa nauli na ya tatu anapoandika jina kwenye daftari, na bei ya kweli inapotajwa saa sita mchana huwa amekwisha kukubali mara tatu. Juu ya hapo huja uchungu wa gharama zilizokwisha kutumika, ambao humfanya mtu aone kwamba kuondoka ni kupoteza nauli, ingawa nauli ile haitarudi hata akibaki.

Hesabu ambayo haifanyiki ukumbini

Kamisheni si neno baya, na wapo mawakala wa bima, wa huduma za fedha kwa simu na wa viwanja wanaoishi vizuri kwa malipo ya aina hiyo, lakini wao waliingia wakijua. Kamisheni ni sehemu ya bei ya mauzo anayolipwa aliyeuza, na tofauti yake na mshahara ni kwamba humhamishia mfanyakazi hatari ya biashara, maana siku ambayo wateja hawanunui, mwenye kampuni hapotezi kitu na mwenye begi amepoteza siku. Ukumbini hutajwa asilimia, na asilimia huvutia masikio, ila haiambatanishwi na matumizi.

Ikichukuliwa kwamba bidhaa moja inauzwa shilingi 15,000 na kamisheni ni asilimia 10, muuzaji hupata shilingi 1,500 kwa kila bidhaa. Ikiwa anapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi kwa nauli ya shilingi 600 kila moja, nauli yake ya siku ni shilingi 2,400, na akila chakula cha mchana cha shilingi 3,000 anakuwa ametumia shilingi 5,400 kabla ya kununua hata maji. Bidhaa tatu za kwanza hazitoshi kulipa gharama hizo, na ya nne ndiyo inayomwachia shilingi 600. Akitaka kufikisha nyumbani shilingi 150,000 tu kwa mwezi wa siku 26 za kazi, atalazimika kuuza bidhaa 194, yaani saba au nane kila siku, bila kuugua, bila mvua na bila mteja wa kusema "njoo kesho". Hesabu hii haihitaji elimu kubwa, lakini inahitaji tarakimu ambazo mwombaji hakupewa kwenye tangazo na ambazo ukumbini zinatajwa kwa haraka katikati ya makofi.

Sheria inasimama wapi

Jambo la kwanza ambalo huwashangaza wengi ni kwamba tangazo la kazi peke yake si mkataba. Katika sheria ya mikataba, tangazo huchukuliwa kuwa mwaliko, yaani wito kwa watu waje kujadiliana, na mkataba huzaliwa pale tu upande mmoja unapotoa pendekezo na wa pili ukalikubali. Kwa hiyo mtu aliyeitwa kwa cheo cha ofisa na kukuta begi la bidhaa hawezi kwenda mahakamani kudai apewe cheo kilichoandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Hata hivyo, mtu akikwisha kuingia mkataba kwa kudanganywa, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika vifungu vya 17 hadi 19, hutambua hadaa na maelezo yasiyo ya kweli kuwa sababu za kumruhusu aliyedanganywa kuutengua mkataba huo. Vifungu hivyo vina mtego mmoja unaofaa kujulikana, nao ni kwamba kunyamaza kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa hadaa, isipokuwa pale ambapo mtu alikuwa na wajibu wa kusema au ukimya wake wenyewe ulikuwa sawa na kauli. Waandishi wa matangazo ya kupotosha, kwa kujua au kwa mazoea, wanaishi ndani ya nafasi hiyo iliyopo kati ya kusema uwongo na kutosema ukweli.

Sheria ya ajira ndiyo inayoziba sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, humtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi, anapoanza kazi, maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Kenya ina orodha inayofanana na hiyo katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Katika nchi zote mbili, mwajiri akishindwa kutoa maandishi hayo na mgogoro ukafika mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye.

Waajiri wengine hujaribu kuukwepa wajibu huo kwa kusema kwamba mwenye begi si mfanyakazi bali ni "mshirika" au "mjasiriamali huru". Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 2004, hakitazami jina bali hutazama hali, kwa kuwa humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi itakapothibitishwa vinginevyo, endapo kuna dalili hata moja kati ya kadhaa zilizotajwa, zikiwamo kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kupewa vifaa vya kazi au kumtegemea kiuchumi yule mmoja anayemfanyia kazi. Aliyeambiwa aripoti saa moja na nusu, avae sare na asiuze bidhaa za mwingine ana msingi wa kudai kwamba ni mfanyakazi, hata kama kwenye fomu ameandikwa kuwa mshirika. Ama kuhusu ada, Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi inapokubali vighairi maalumu, na aliyepokea fedha kwa kudai kwamba ana kazi ambayo haipo anaweza kushtakiwa kwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu.

Kwamba maneno ya chumba cha usaili yenyewe yanaweza kuwa na uzito wa kisheria lilithibitishwa nchini Kanada katika kesi ya Queen dhidi ya Cognos, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo tarehe 21 Januari 1993. Mhasibu mmoja aliyekuwa akiishi Calgary alisailiwa mwaka 1983 kwa kazi ya kuendeleza programu ya kihasibu mjini Ottawa, na msaili akaueleza mradi huo kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa na lenye kazi ya miaka, ilhali fedha zake zilikuwa hazijaidhinishwa. Mhasibu aliacha kazi yake, akaihamisha familia kuvuka nusu ya nchi, na baada ya miezi kama 18 ajira yake ikakoma kwa sababu mradi ulipunguzwa. Mkataba alioutia saini ulimruhusu mwajiri kumwachisha kwa taarifa, na kwa karatasi hiyo peke yake asingekuwa na la kudai. Lakini mahakama iliona kwamba msaili alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu katika anayomwambia mwombaji, kwamba aliuvunja, na kwamba mhasibu alipwe fidia ya dola 67,224 za Kanada aliyopewa na mahakama ya kwanza. Hukumu ya Kanada hailazimishi mahakama za Afrika Mashariki, ila nchi hizi zina asili moja ya sheria za Kiingereza, na hoja yake inaeleweka popote: anayemwita mtu aache alichonacho ana deni la ukweli kwake kabla ya sahihi, na si baada yake tu.

Hasara ya mwajiri na hasara ya ughaibuni

Upotoshaji huu una gharama hata kwa anayeufanya. Mwaka 1956 mtafiti Joseph Weitz alionyesha kwamba waombaji wa kazi ya uwakala wa bima ya maisha waliopewa kijitabu kinachoeleza kazi ilivyo, pamoja na ugumu wake, walidumu kazini kuliko wale ambao hawakupewa, na mwaka 1973 John Wanous alipata matokeo yanayoelekea huko kwa wapokea simu walioonyeshwa filamu ya kazi yao halisi, ambao walikuwa na mawazo machache zaidi ya kuacha kazi. Njia hiyo ya kumwonyesha mwombaji mazuri na mabaya kabla ya kumwajiri haipunguzi waombaji kwa kiasi ambacho waajiri wengi wanahofia, na humwepusha mwajiri na gharama ya kufundisha watu wapya kila mwezi. Mwajiri anayelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawadumu kazini angeanza kwa kulisoma upya tangazo lake.

Madhara huongezeka pale kazi inapokuwa mbali na nyumbani. Kwa Watanzania, Wakenya na Waganda wanaokwenda Oman, Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kuna tabia inayoitwa kubadilishiwa mkataba, ambapo mtu husaini masharti fulani kabla ya safari na kukuta mengine alikofikia, mshahara ukiwa mdogo zaidi na saa za kazi zikiwa nyingi zaidi. Aliyepotoshwa mjini kwake hupoteza nauli na siku moja kisha akapanda basi kurudi. Aliyepotoshwa ng'ambo ya bahari hana basi la kupanda, na huenda hata pasipoti yake imo kabatini kwa mtu mwingine.

Swali lenye haya

Lipo jambo katika malezi ya Waswahili ambalo huwasaidia wafunga magunia bila kukusudia. Mtu anayekwenda sokoni Kariakoo au Kongowea hununua embe baada ya kulibonyeza, humnusa samaki shavuni, huuliza bei kabla ya salamu kukamilika na kuipunguza mara mbili au tatu, wala hakuna anayemwona hana adabu. Mtu huyohuyo akiingia kwenye chumba cha usaili huona aibu kuuliza bei ya mwezi mzima wa jasho lake, kwa kuwa amefundishwa kwamba kutaja mshahara mapema ni uroho, na kwamba anayeomba hachagui. Methali husema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani; lakini mgeni aliyeona haya kubisha hawezi kufunguliwa.

Swali hilo linaweza kuulizwa kwa heshima na kabla ya kupiga pasi. Anayepigiwa simu ya kuitwa kwenye usaili anaweza kuomba atajiwe jina kamili la kampuni na mahali ofisi yake ilipo, aelezwe mtu wa nafasi hiyo hufanya nini kwa siku, aulize kama kuna mshahara wa kila mwezi au kamisheni pekee, na kama kuna fedha yoyote atakayotakiwa kutoa. Jina la kampuni akilipata, analo la kuulizia kwa wakala wa usajili wa makampuni na kwa watu waliokwisha kupita hapo, ambao mara nyingi hawako mbali. Ambaye hajibiwi, au anajibiwa kwamba yote atayajua akifika, amekwisha kujibiwa.

Aliyekwisha kuingia chumbani bila kuuliza bado hajachelewa, na hana sababu ya kuona kwamba anaomba upendeleo. Maelezo ya kazi, mahali, saa na ujira ndiyo yaleyale ambayo sheria inamtaka mwajiri ayaandike na kumkabidhi mfanyakazi. Mwajiri mwenye kazi ya kweli ataulizwa leo jambo ambalo angelazimika kuliandika wiki ijayo, na hatapata taabu kulijibu. Mwenye gunia ndiye atakayesema kwamba swali hilo halina adabu.